Neno Moja la Kizungu Lililonikondesha

"Chukua moyo, mama."

Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, mazishini, hapa Kitengela, kutoka kwa kijana aliyevaa suti na kushika kipaza sauti. Alikuwa anamwambia mjane. Chukua moyo! Mjane akamtazama kama mtu aliyetumwa buchari na hajapewa hela. Daktari ameniambia niache kukasirikia mambo madogo, kwamba presha si mchezo, lakini siku hiyo nilikasirika hadi pilau ikanishinda. Kijana alikuwa na "take heart" kichwani, akaitoa mbio, akaipaka Kiswahili juujuu, akatugawia. Jipe moyo, kijana! Piga moyo konde! Hata "pole" tupu ingetosha, mjane hakuwa amekuja kusikiliza ufasaha.

Basi mwenyekiti wa vijana wa kanisa letu aliponiomba niwaandikie juu ya kazi yangu, kwa sababu wengi wenu siku hizi mnakaa na simu mkitafsiri hiki na kile, nilikubali haraka sana. Nilikuwa na dukuduku langu tayari.

Mimi mama yenu nilikuwa karani mkalimani wa mahakama huku Kajiado mpaka nikastaafu. Kikamba ni cha mama yangu. Kiswahili ni cha kila mtu. Kimaa, lugha ya Wamaasai, nilikipata kwa majirani na kwa kina mama wa sokoni waliokuwa wakinicheka nikikosea, na Kizungu nilikipata kwa fimbo. Katika miaka yote hiyo nimekutana na maneno magumu, ya daktari na ya wakili na ya mpima ardhi, na hayakunisumbua, kwa sababu neno gumu lina kazi moja. Ukilijua umelijua. Lililonikondesha ni hili dogo, hili la darasa la pili, *take*.

Kwa take, Mzungu hunywa chai, hupanda basi, hupiga picha, hula kiapo, hufanya mtihani, humeza dawa, hushika mkono, huoa, huiba, huaga, hupumzika, na ndege yake ikipaa pia ni take. Ni kama nyumba yenye mfanyakazi mmoja: huyo huyo apike, afue, alishe mbwa na akimbie kufungua geti. Nanyi mnaniambia huo ni utajiri wa lugha. Mimi nauita uvivu. Sisi kila kazi tumeipa mtu wake, na bado mnaona aibu, mnakimbilia kumtumikisha huyu maskini "chukua" mpaka mgongo umempinda.

Sikilizeni mnavyoongea. MC wa harusi anasimama: "Ningependa kuchukua nafasi hii..." Ameichukua, na hajawahi kuirudisha, tunakaa hapo mpaka soda zinapata moto. Wa bodaboda anaambiwa achukue left. Wageni wanaombwa wachukue chai, wachukue viti, wachukue picha. Ukitoka nje barabarani kuna bango kubwa la mauzo ya mashamba: Chukua ploti yako leo. Hilo peke yake ndilo sina neno nalo, maana huku kwetu ploti zimechukuliwa kweli kweli, nyingine wenyewe wakiwa bado wamesimama ndani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lemayian, Mmaasai wa Ewuaso Kedong, karani aliyenitangulia. Kama mnadhani mimi nina dharau, mngemwona yeye. Mwezi wangu wa kwanza hakuniruhusu kufungua kinywa. Nilikaa kando yake nikisikiliza, na nikijaribu kunong'ona tafsiri, ananipiga jicho moja nanyamaza. Baadaye akanipa siri ya take, na nawapa bure.

"Neno likitoka, usilirukie," aliniambia. "Ngoja uone mkono unafanya nini. Mkono unaleta? Unapeleka? Unaenda mdomoni? Ama hakuna mkono hapo kabisa? Ukijua mkono, neno litakuja lenyewe."

Akanifanya nizoeze mikono chini ya meza. Wakili anasema take, mimi vidole vinacheza: huu unapokea, huu unapeleka, huu unanyang'anya. Watu walidhani nina ugonjwa. Lakini fanyeni hivyo mkiwa na hizo simu zenu mtaona, maana simu haina mkono.

Mengine aliyonifundisha ni haya haya ya kawaida. Kunywa maji vuguvugu, sio chai ya maziwa, chai hufunga koo. Simama mahali shahidi anaona mdomo wako. Na usiseme "anasema kwamba alimpiga." Sema "nilimpiga," maana wewe ni sauti yake. Kwa kinywa hiki hiki cha ushirika nimeungama kuiba mbuzi wa watu Rombo, nimemtukana jirani Ngong, na nimelewa mbele ya watoto wangu, ambao siku hiyo walikuwa shuleni salama. Dada mmoja wa kanisa alikuja kusikiliza kesi ya shemeji yake, akaondoka akisema niombewe.

Kuna kijana tuliletewa, ametoka chuo, tai imenyooka. Siku yake ya kwanza kortini anapewa mzee Mmaasai wa kuapishwa. Hakimu anasema mzee a-take oath. Kijana, badala ya kungoja mkono, akamsukumia mzee Biblia na kumwambia kwa Kimaa, chukua. Mzee akashukuru kwa heshima zote, akaibariki, akaitia ndani ya shuka yake na kwenda kuketi. Korti ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mzee alifanya alichoambiwa. Aliyestahili kuchekwa alikuwa amevaa tai.

Na sheria ya mwisho ya Mzee Lemayian, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote: mkalimani hana mdomo wake. Ukiongeza neno lako moja, hata liwe la kweli, hata liwe la kuokoa mtu, kesho hakuna atakayekuamini. Nilidhani nimeielewa. Niliielewa siku ya Mama Kamene.

Majina nimeyabadilisha, ni kesi ya mtoto. Mama Kamene alikuwa mjane wa Kikamba aliyeuza mboga soko la Kitengela. Binti yake Kamene alifariki akaacha mtoto mchanga, Mwende. Bibi akamlea. Baba wa mtoto, Musyoki, alikuwa akifanya kazi mbali, akituma nguo na unga. Akija kumwona mtoto anasimama getini, jirani anamtolea. Sasa Mwende alikuwa amepoteza meno ya mbele na kuanza shule, na Musyoki ameoa tena, ana nyumba Ngong, na amekuja mahakamani akitaka mtoto aende kukaa kwake moja kwa moja. Akishinda, bibi angebaki na nyumba tupu. Mtoto ndiye kila kitu alichoachiwa na binti yake.

Kesi za watoto husikizwa faragha, ofisini kwa hakimu. Chumba kidogo, meza, kabati, rafu za mafaili hadi darini. Musyoki na wakili wake waliingia mwisho, wakakaa karibu na mlango. Mama Kamene, aliyekuwa ameingizwa mapema, alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, nyuma ya kabati, akinitazama mimi.

"Naomba Kikamba," akasema.

Wakili akacheka. "Mheshimiwa, huyu mama ameniuzia nyanya juzi kwa Kiswahili safi. Anapoteza tu time."

Hakimu, mwanamke kijana, mpole lakini mwenye kesi nyingi zikimngoja, akamuuliza, "Mama, unajua Kiswahili?"

"Najua."

"Basi tuongee tu Kiswahili, mama. Si ni sawa?"

Mama Kamene akanyamaza. Akaulizwa jina, kimya. Akaulizwa anakaa wapi, kimya, macho ukutani. Wakili akaitandaza mikono kuonyesha kwamba yeye hana la kusema, mnajionea wenyewe.

Mimi nilijua. Mkamba yeyote angejua. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Tunaita *nthoni*. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja hupisha na kugeuza uso. Kukiwa na jambo la lazima, linapitishwa kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wameacha, wanakumbatiana hata mbele ya madhabahu, lakini Mama Kamene ni wa zamani. Kiswahili alikuwa nacho cha kutosha. Alichohitaji ni mtu wa tatu. Akiongea nami, haongei naye.

Nilisema tu linaloruhusiwa: "Mheshimiwa, shahidi ameomba lugha yake." Hakimu akapumua, akakubali. Mama Kamene akaanza kujibu, akinitazama mimi usoni na hakuna mwingine, kana kwamba chumba kile tulikuwa wawili.

Ndipo wakili akasimama. Alikuwa wa wale wa kuongea kwa mkono mmoja mfukoni.

"Madam, in all those years, did you ever take him into your house?"

Vidole vyangu vikacheza: kukaribisha. Nikamuuliza kwa Kikamba kama aliwahi kumkaribisha ndani.

"Hapana," akasema.

"Did you ever take a meal with him?"

Kula. "Hapana."

"Did you ever take his hand? Even once?"

Kushika. "Hapana. Sijawahi."

Kila take niliiweka mahali pake. Tafsiri yangu siku hiyo haikuwa na doa, na ndiyo iliyokuwa inammaliza. Alikuwa akijibu kweli tupu, na kila kweli ilikuwa jiwe. Hakuwa na wakili wa kumuuliza kwa nini. Naye mwenyewe hangeeleza, maana kueleza kungekuwa kumzungumzia Musyoki mbele ya Musyoki. Nami nilikuwa nimeufunga mdomo ambao si wangu. Nawaambieni, vijana, niliuma ulimi hadi nikasikia chumvi.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "let the court take note. Hii ni chuki. Mama anachukia baba ya mtoto. Atamfundisha mtoto pia kumchukia. We cannot take that risk." Yaani mahakama izingatie, isithubutu kumwachia mtoto.

Wakili sina shida naye. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, hakujua, na kazi yake ni kupiga pale palipo wazi. Aliyenichefua ni Musyoki. Mtoto wa Ukambani, amezaliwa kwa heshima hiyo, amelelewa nayo, yeye mwenyewe amekuwa akisimama getini miaka yote kwa sababu ya nthoni. Alijua kila "hapana" ya yule mama ilikuwa ni heshima aliyopewa yeye. Na akakaa pale akitazama viatu vyake, akaacha heshima yake ikiuzwa kama chuki. Nimetafsiri wezi wa mifugo niliowaheshimu zaidi. Mwizi wa ng'ombe angalau hukimbia, huyu alikuwa ameketi.

Hakimu akaandika, akaandika, kisha akasema, "Asante mama. Unaweza kwenda, ungoje nje."

Sasa mlango ulikuwa upande wa Musyoki. Hakukuwa na njia nyingine ya kutoka. Mama Kamene akavuta leso mpaka machoni, akainamisha kichwa, akaanza kupita kwenye ile nafasi nyembamba kati ya meza na rafu.

Na Musyoki akaruka. Hakuinuka, nasema aliruka. Kiti kilianguka. Akajibana kwenye rafu, uso ndani ya mafaili, mgongo kwetu, mikono imeshikamana mbele, hata pumzi ameizuia. Wakili akamvuta koti, "Wewe, kaa chini!" Wapi. Akabaki pale kama mtu anayenyeshewa, mpaka mama akapita, mpaka mlango ukafungwa. Ndipo akageuka, akatukuta sote tunamtazama.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Bwana Musyoki, hiyo ni nini umefanya?"

"Nilikuwa napisha tu mama, mheshimiwa."

"Kupisha ni kuangalia ukuta?"

"Ni mama mkwe. Siwezi simama uso kwa uso na yeye. Hiyo kwetu iko. Ni nthoni. Ni respect."

"Na yeye vile hajawahi kula na wewe?"

Musyoki akainama kuinua kiti.

"Nimekuuliza, Bwana Musyoki. Vile hajawahi kukuingiza kwa nyumba. Vile hajawahi kukusalimia kwa mkono. Hiyo ni nini?"

"Hiyo pia ni respect."

"Na ulikuwa umekaa hapo ukisikia ikiitwa chuki."

Wakili akadakia, "Your honour, I take instructions from my client," yaani yeye hufuata tu aliyoagizwa na mteja.

Take tena! Lakini hiyo hata sikuhitajika kuitafsiri, na ningeitafsiri ningeitema.

"Namuuliza yeye," hakimu akasema.

"Nilikuwa najua, mheshimiwa," Musyoki akajibu. "Nilikuwa nataka tu mtoto wangu."

Hakimu hakumgombeza. Angekuwa mimi angemgombeza mpaka jioni. Aliandika kwa muda, kisha akamwita tena Mama Kamene, na safari hii akaamuru Musyoki na wakili wahame waende upande wa dirisha, njia iwe wazi. Akasoma uamuzi wake polepole, nami nikaufikisha. Mwende angebaki kwa bibi yake na kuendelea na shule yake Kitengela. Jumapili baba amchukue, akae naye Ngong mchana kutwa, na likizo wagawane. Mama Kamene alisikiliza akiwa amenishika mkono wa sweta, na nilipofika kwenye "atabaki," aliuachilia, akapangusa uso kwa leso.

Nilitoka kupunga hewa. Mama Kamene alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, akitazama uani. Musyoki akaja nyuma yangu, bila wakili.

"Mama," akaniita, kwa Kikamba sasa, "nisaidie kitu. Umwambie yeye..."

Nilimtazama toka kichwani hadi viatuni, vile viatu alivyokuwa akivitazama. Nilitaka kumwambia kazi yangu imeisha, serikali hainilipi kutoa Kikamba kwa Kikamba. Nilikuwa na maneno mengine pia, ya kwangu mwenyewe, na safari hii hakukuwa na hakimu wa kunizuia. Lakini niliona yule mama amegeuza kichwa kidogo, sikio limekuja upande wetu.

"Simama nyuma ya nguzo," nikamwambia. "Haya, sema."

"Mwambie asante kwa kumlea. Mwambie nilijua, na nikanyamaza. Mwambie sikufanya vizuri."

Mama Kamene alikuwa hatua chache tu. Kila neno alilisikia, kwa lugha yake, kwa sauti ya mkwewe. Lakini hakutikisika. Aliendelea kutazama uani akingoja. Basi nikaenda mbele yake, nikayarudia yote, neno kwa neno, sikuongeza la kwangu hata moja, na Mungu anajua nilikuwa nayo.

Akatengeneza leso mabegani.

"Mwambie mtoto hukohoa baridi ikimpata," akasema. "Upepo wa Ngong sio kama wa hapa kwetu. Jumapili akija amletee sweta nzito, hii yake imembana mikono. Na asimpe soda kabla hajala, hatakula tena."

Nikageuka, nikarudi kwenye nguzo, nikamwambia Musyoki habari ya kikohozi, na upepo, na sweta, na soda. Alikuwa ameshasikia, macho yameshaloa. Hata hivyo alingoja nimalize, ndipo akajibu.

"Mwambie nimesikia."